Kabla hujalipia ule uzio wa sungura, sikia kwanza yaliyotokea Mkomazi

Siku hizi ukishika simu humalizi dakika tano hujakutana na sungura. Mweupe, macho mekundu, kakaa kwenye majani, na pembeni yuko mdada wa mjini (jina kapuni, mnajuana) kavaa miwani ya jua anamlisha karoti. Nyuma yao kuna kile kiuzio cha waya cha kukunja, vipande sita au nane vimeshikanishwa, unakitandaza popote na ukimaliza unakikunja unakiegemeza ukutani. Komenti chini ni zilezile: "Dia hicho kiuzio umekitoa wapi?" "Kinafika mkoani?"

Mimi najibu swali jingine ambalo hakuna aliyeuliza: hicho kiuzio kinazuia nini? Maana wengi wakinunua wanawaza kitu kimoja tu, sungura asitoroke. Na ukiangalia historia ya binadamu kufungia wanyama, hasa historia ya wilaya ya Same, utaona kutoroka ndiyo ilikuwa shida ndogo kuliko zote.

Kwa nini Same? Kwa sababu mji ule ambao wengi mnaujua kama sehemu ya kunyoosha miguu basi likisimama kati ya Dar na Moshi, uko kilomita chache tu kutoka geti la Zange la Hifadhi ya Taifa Mkomazi. Na ndani ya Mkomazi yamejengwa mabanda na nyua za wanyama ambazo stori yake ilistahili kutengenezewa filamu. Tutafika huko. Kwanza tumjue sungura mwenyewe.

Yule Sungura mjanja wa hadithi za bibi, aliyewazidi akili Fisi na Simba, siye huyu wa kwenye picha. Hawa ni ndugu wa mbali sana. Wa hadithi ni sungura pori, yule wa miguu mirefu na masikio marefu ambaye ukipita Mkomazi usiku taa za gari zinamkuta katikati ya barabara. Hachimbi shimo. Analala juu ya ardhi kwenye kijibonde kidogo cha majani, na watoto wake wanazaliwa na manyoya tayari, macho wazi, muda si mrefu wanaweza kukimbia. Maisha yake yote ni mbio.

Sungura wa kufugwa asili yake ni Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa, na huku kwetu aliletwa na wageni. Yeye ni mtu wa shimo. Watoto wake wanazaliwa uchi, vipofu, hawawezi lolote, wanafichwa kwenye kiota walau wiki mbili tatu. Akiogopa, akili yake haimwambii "kimbia mpaka kwenye kilima kile", inamwambia "ingia shimoni". Sasa wewe umemweka kwenye uwanja wazi wenye waya pande zote, hakuna shimo, hakuna hata boksi. Mbwa akibweka ataingia wapi? Ndiyo maana unasikia sungura kafa ghafla na hana hata mchubuko. Wanakufa kwa mshtuko kweli, siyo hadithi. Na wengine wakiruka kwa hofu wanavunjika mgongo, kwa kuwa miguu ya nyuma ina nguvu kuliko mifupa yao inavyoweza kuvumilia.

Pembeni kidogo: kuna maelezo maarufu kwamba jina la Hispania lilitokana na mabaharia Wafoinike waliofika kule, wakaona sungura wamejaa, wakadhani ni pimbi wa kwao, wakaiita nchi ya pimbi. Pimbi! Ndugu za hawahawa wanaoota jua kwenye majabali ya kwetu. Kama ni kweli au la, wataalamu wa lugha watajuana wenyewe, ila mimi naipenda sana hiyo.

Warumi ndio walioacha maandishi ya mapema kuhusu kumjengea sungura mahali pa kutembea. Karne ya 1 kabla ya Kristo, mzee mmoja aitwaye Varro aliandika kitabu cha kilimo, na humo akaeleza bustani ya sungura inavyotakiwa kuwa. Ukuta upigwe lipu laini ili paka na wanyama wengine wala nyama wasipate pa kukanyaga. Uwe mrefu ili mbwamwitu wa kule asiruke. Ndani kuwe na vichaka vya kujificha mchana, na miti yenye matawi mapana ili tai ashindwe kushuka. Hebu soma tena hiyo orodha. Paka, mbwamwitu, tai. Karibu kila alichosema ni kuhusu nani asiingie. Huyu mtu alijua jambo miaka elfu mbili iliyopita ambalo mtu anayeuza viuzio mtandaoni leo hakwambii.

Walioshika upande wa pili, wa kuzuia kutoroka, ni Australia, na mnajua ilivyoisha. Mwaka 1859 tajiri mmoja wa jimbo la Victoria, Thomas Austin, aliachia sungura kama 24 kwenye shamba lake ili apate cha kuwinda na marafiki. Wakazaana, wakala nchi. Australia Magharibi ikaamua kujenga uzio wa kuwazuia, kazi ikaanza 1901, na walipomaliza 1907 walikuwa na nyua tatu zenye jumla ya zaidi ya kilomita 3,200. Hiyo ni sawa na kwenda Dar mpaka Same na kurudi, zaidi ya mara tatu. Na kabla mafundi hawajamaliza, sungura walishapita upande wa pili.

Na kile kiuzio cha kuhamisha wanachotupigia nacho picha, wala siyo kitu kipya. Mwishoni mwa karne ya 19 huko Uingereza, Meja Morant alieneza aina ya banda la pembetatu, kama paa la nyumba lililowekwa chini, lenye wavu mpaka sakafuni. Nyasi zinapenya kwenye matundu, sungura anakula, hawezi kuchimba, na kesho unalivuta hatua chache kwenye majani mapya. Wazo lilikuwa chakula cha maskini, hakuna aliyewaza picha. Ila lile "kesho unalivuta" ndiyo siri yenyewe, na kwa hiyo siri hatuhitaji kwenda Uingereza. Tambarare ya Same ilikuwa nayo zamani.

Upare una nchi mbili kwenye wilaya moja. Juu milimani, kule Chome ambako kilele cha Shengena kinafika karibu mita 2,460, ni baridi, ukungu, migomba, mifereji ya maji na mabwawa ya asili yanayoitwa ndiva. Ardhi ni ndogo, kila kipande kina mwenyewe. Kwa hiyo ng'ombe wa mlimani kwa miaka mingi ni wa ndani. Hatembei, majani ndiyo yanatembea, yanashuka na kupanda kichwani kwa mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke. Samadi inatoka bandani inakwenda kwenye mgomba. Ukishuka chini unakuta nchi nyingine kabisa: joto, vumbi, upepo, migunga, mvua ya kubahatisha. Jina lenyewe la Mkomazi linaelezwa kuwa limetokana na Kipare, mko ni kijiko na mazi ni maji. Maji ya kujaa kijiko. Huko chini ng'ombe hawezi kukaa sehemu moja, lazima afuate majani.

Hapo ndipo boma la miiba linapoingia. Wafugaji wa tambarare, Waparakuyo na Wamaasai na Wapare wenyewe wenye mifugo, walikata matawi ya mgunga wakayapanga duara, miiba ikiangalia nje. Simba na fisi wabaki nje, ng'ombe alale katikati, ndama na mbuzi wachanga walale karibu zaidi na watu. Halafu samadi ikijaa, kupe wakizidi, majani ya jirani yakiisha, boma linaachwa. Watu wanasogea, wanapanga duara jingine.

Anayepita anaona uchafu umeachwa pale. Lakini mwaka 2018 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Narok, kusini-magharibi mwa Kenya, kwenye mahali palipokuwa na mazizi ya wafugaji wa kale, kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita. Mpaka leo udongo wa pale una rutuba kuliko jirani zake, unaota nyasi tamu, wanyamapori wanapafuata. Zizi la kuhamishwa lilitengeneza malisho. Kinacholeta ugonjwa na jangwa ni lile zizi linaloganda sehemu moja.

Wenye mashamba makubwa ya Laikipia, Kenya, wamelichukua wazo lilelile wakalivalisha chuma. Wana mazizi ya paneli za chuma zinazoungana, simba hapenyi, na kila baada ya muda wanayafungua wanayasogeza kwenye ardhi iliyokufa ili ng'ombe waifufue kwa kwato na samadi. Ukiliangalia hilo zizi ni kiuzio cha mdada wa mjini kabisa, tofauti ni ukubwa na aliyemo ndani. Na jirani zetu wa Simanjiro, magharibi ya Same, wameenda njia nyingine: wanapanda miti hai ya jamii ya mbambara kama nguzo, wanafunga waya wa seng'enge kati yake, miti inaendelea kukua na uzio unazidi kuwa imara kila mwaka. Huo hauhami. Ila simba anauheshimu.

Sasa turudi Mkomazi, na hapa stori inakuwa nzito.

Mwaka 1951 Waingereza waliifanya Mkomazi kuwa pori la akiba. Baadhi ya familia za Waparakuyo waliokutwa mle waliruhusiwa kubaki. Miaka ikaenda, mifugo ikaongezeka mpaka makumi ya maelfu, serikali ikasema pori linakufa, na ilipofika 1988 wafugaji wote wakawa wametolewa. Wote. Mabomba ya miiba yaliyozoea kuhama yakaambiwa yahame mara ya mwisho. Samahani, mabomba ni ya maji, haya ni maboma, ila mmenielewa. Kesi ikaenda Mahakama Kuu Moshi miaka ya 1990, ikafika mpaka Mahakama ya Rufani, na wafugaji hawakurudishwa. Mpaka leo ukikaa na wazee wa tambarare, hiyo habari wanaisimulia kama imetokea juzi. Mtu anaweza kusema pori limepona na akawa sahihi, na mwingine akasema watu waliumia na naye akawa sahihi. Mimi sitazilainisha hizo habari mbili zikae pamoja.

Mwaka uliofuata, 1989, alifika Mwingereza Tony Fitzjohn. Huyu alikuwa amefanya kazi miaka mingi Kora, Kenya, na George Adamson, yule mzee wa simba aliyeuawa na majambazi Agosti mwaka huohuo. Fitzjohn alialikwa kusaidia kuifufua Mkomazi. Barabara, viwanja vya ndege, doria, maji. Na mwaka 1995 akaanza mradi wa mbwa mwitu.

Mbwa mwitu wetu, wale wa masikio ya duara na madoa kama wamemwagiwa rangi, ni katika wanyama walao nyama walio hatarini zaidi Afrika. Watoto wao walichukuliwa kutoka Nyika ya Maasai, ambako walikuwa wanauawa na watu, wakaletwa Mkomazi wakawekwa kwenye nyua za waya. Lengo lilikuwa wazae, waongezeke, kisha waachiwe. Na walizaa kweli. Kufikia mwaka 2000 walikuwa 52. Waya ulikuwa imara. Hakuna simba aliyeingia. Walikuwa na chakula, walikuwa na daktari, na walikuwa wamechanjwa.

Desemba 2000 wakaanza kuumwa. Ndani ya miezi miwili, kati ya 52 walikufa 49.

Arobaini na tisa. Walibaki watatu.

Ulikuwa ugonjwa wa distempa, kirusi cha mbwa, jamaa wa kile cha surua ya watu. Ni kirusi kilekile ambacho mwaka 1994 kiliondoka na karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Chanjo waliyopewa mbwa wa Mkomazi ilikuwa ya kirusi kilichouawa, ambayo ni salama zaidi kwa mnyama adimu, lakini haikutosha kuwakinga. Na kumbuka wanyama hawa wamesongamana kuliko wanavyoishi porini. Porini kundi moja linaugua linakufa, kundi jingine liko kilomita makumi huko halina habari. Ndani ya nyua za jirani, kukohoa kwa mmoja ni habari ya wote. Uzio uliowakinga na risasi na sumu na simba ndio uliowaweka karibu mpaka kirusi kikawamaliza ndani ya miezi miwili.

Waliendelea, kwa kweli hilo lazima tuwape. Hao watatu na wengine walioongezwa, wakazaliana upya, na miaka iliyofuata makundi yaliachiwa Mkomazi.

Faru nao walikuwa na somo lao. Faru weusi walikuwa wametokomezwa Mkomazi na majangili. Mwaka 1997 waliletwa wanne kwa ndege kutoka Addo, Afrika Kusini, na 2001 wakaja wanne wengine. Mwaka 2009 watatu walitoka kwenye bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Cheki, na 2012 watatu wengine kutoka Port Lympne, Uingereza. Hebu fikiria faru aliyezaliwa Ulaya, hajawahi kuona mbung'o wala mgunga, anatua kwenye joto la Same. Humwachii tu. Anatoka kwenye sanduku, anaingia boma dogo, anazoea majani, maji na harufu, ndipo anafunguliwa eneo kubwa zaidi, hatua kwa hatua, ndani ya hifadhi ya faru yenye uzio na walinzi. Hiyo hifadhi ndogo ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 55, ndani ya hifadhi kubwa ya zaidi ya 3,200 ambayo tangu 2008 ni hifadhi ya taifa rasmi.

Haya, nimewazungusha kote huko, na mwenye sungura wake pale uani Same mjini, au Kimara, au Njiro, anasubiri aambiwe anunue kipi. Twende.

Cha kwanza ambacho ningekiangalia ni paa. Siyo urefu wa ukuta, paa. Viuzio vingi vya mtandaoni havina paa, unapewa ukuta tu. Kwa Tanzania hicho ni kitambaa cha kualika mwewe mezani. Mwewe wa mjini hana aibu, anashuka anachukua kifaranga mbele ya mama mwenye ufagio, sembuse sungura mchanga. Paka naye ataruka. Kwa hiyo ama ununue chenye kifuniko cha wavu, ama umwambie fundi akuchomelee. Na ukishakuwa na kifuniko, habari ya sungura kuruka imejijibu yenyewe. Kama huna namna, basi ukuta usipungue sentimita 90, na wewe ukae hapohapo muda wote, simu mfukoni.

La pili ni matundu. Waya wa kuku, ule wa pembe sita, kila mtu anaukimbilia maana ni rahisi na upo kila duka la vifaa. Ni waya wa kumzuia kuku asitoke. Mbwa akiukazia unachanika, na sungura mwenyewe akiwa na muda ataukata kwa meno. Chukua wavu mgumu uliochomelewa, matundu yasizidi sentimita mbili na nusu. Ukiona vile viuzio vya nondo nyembamba zilizosimama kama geti la kibaraza, pima nafasi kati ya nondo kabla hujatoa hela. Mtoto wa sungura anapita pale kama barua kwenye mlango, na nguchiro anapita kuja kumfuata.

Chini je? Sungura wa shimo atachimba, tushasema. Unaweza kufuata mtindo wa Morant ukaweka wavu sakafuni, ila uwe umelala chini vizuri kwenye majani, maana akikaa siku nzima juu ya waya mtupu nyayo zinachubuka zinaota vidonda. Mimi napendelea sketi: kipande cha wavu cha kama sentimita 30 kinacholala nje kuzunguka uzio wote. Mbwa akija kuchimba anakutana na waya. Sungura akichimba kutokea ndani naye anakutana nao. Na kwa Same weka vigingi au matofali, ule upepo wa jioni unaweza kuviringisha kiuzio chepesi mpaka barabarani.

Ukubwa, wale wanaotetea sungura Uingereza wanasema walau mita 3 kwa 2, na mita 1 kwenda juu, kwa sungura wawili. Anatakiwa aweze kuruka ruka mara tatu mfululizo, asimame kwa miguu ya nyuma, alale amejinyoosha. Ukimpa kiduara ambacho akigeuka pua inagusa waya, hicho ni kizimba tu kilichopelekwa nje.

Sasa joto. Hapa ndipo wanapokufa wengi, na kwa Same na Dar naliweka juu ya mbwa na mwewe wote. Sungura hatoi jasho, joto lake linatokea masikioni. Ikipita nyuzijoto 30 yuko kwenye hatari, na tambarare hiyo 30 inafika kabla hujamaliza supu ya asubuhi. Kiuzio cheupe kwenye jua la saa sita ni picha nzuri sana ya mnyama anayeiva. Toa asubuhi mapema au jioni, weka chini ya mwarobaini, na kumbuka kivuli kinatembea. Ulipoweka saa mbili pana ubaridi, saa nne ni jua kali. Ndiyo faida kubwa ya uzio wa kuhamishika, unafuata kivuli. Maji yawepo, mengi, kwenye bakuli zito la udongo asilopindua. Maji ya kijiko waachie Mkomazi.

Ndani weka pa kujificha, hata boksi la soda lenye matundu mawili, moja la kuingilia na moja la kutokea ili wakiwa wawili mmoja asimbane mwenzake. Usimtoe bandani siku ya kwanza ukamwachia majani mabichi yenye umande ale mpaka asubuhi ya pili. Tumbo lililozoea pumba na majani makavu litajaa gesi. Mfanyie kama faru wa Cheki: dakika chache, kesho zaidi kidogo, wiki ikiisha kazoea.

Na uhamishe. Kila siku, au ukichelewa siku mbili. Ule ugonjwa wa koksidia unaoua sungura wachanga kwa kuhara unatoka kwenye kinyesi, na vijidudu vyake vikishakaa kwenye udongo wenye unyevu siku chache vinakuwa tayari kumwambukiza mwingine. Ukihama kabla ya hapo, umeviacha nyuma. Wazee wa boma la miiba walifanya hesabu hiyo bila hadubini.

Sungura hapati distempa ya mbwa, msiwe na wasiwasi huo. Lakini wale 49 bado wana la kutuambia. Ukinunua sungura mpya sokoni, usimwingize moja kwa moja uziani na wenzake kwa sababu picha ya wengi inapendeza. Mtenge walau wiki mbili, banda lake, bakuli lake, na umhudumie wa mwisho, baada ya wenyeji. Majani usikate pale mbwa wa mtaa wanapojisaidia. Na usiweke nyua mbili zikigusana ukadhani umetenganisha.

Usiku arudi bandani. Hili silijadili. Kiuzio cha kukunja ni cha mchana, tena ukiwepo. Usiku kuna siafu, na siafu hawaulizi matundu yako ni sentimita ngapi, watamla sungura akiwa hai mpaka asubuhi ukute mifupa. Banda lenye miguu, kila mguu ndani ya kopo lenye oili chafu, utaratibu wa kienyeji ambao sijaona wa mtandaoni unaoushinda.

Kama unaniuliza mimi, ile hela ya kuagiza kiuzio cha mtandaoni ningempelekea fundi wa kuchomelea. Mwambie akutengenezee paneli sita za fremu nyembamba, mita moja kwa mita moja, wavu mgumu, bawaba za kukunjika, na ya kufunika juu mbili tatu. Akipaka rangi iache ikauke kabisa kabla mnyama hajaanza kuitafuna. Haitapendeza kama ile ya mdada wetu jina kapuni. Lakini ile yake haina paa, nimeangalia video zote, na kwenye ile ya mwisho, ya majuzi, kiuzio kipo, majani yapo, karoti ipo. Sungura ni mwingine.